Ofa mbili za urubani: Caravan hapa Mwanza au ATR kule Dar? Tuzichambue kwa namba

Mwanakirumba:
Wakuu, mwangaluka. Kuna kijana wa hapa Ilemela ana CPL (leseni ya rubani wa biashara) ya TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, yenye kibali cha injini mbili na IR (kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege badala ya macho). Ana saa 640 kwa jumla, kati ya hizo 110 ni za ukapteni na 20 za usiku. Ana ofa mbili mkononi na anatakiwa ajibu Ijumaa ya wiki ijayo. Namba nimezizungusha kidogo ili kampuni zisijulikane.

Ofa A: Cessna 208B Caravan (ndege ndogo ya injini moja), kituo Mwanza. Mshahara wa msingi ni milioni 3.5 na shilingi 40,000 kwa kila saa ya kuruka, na wanadai wastani ni saa 55 kwa mwezi. Safari ni za Geita, Rubondo, Musoma, Bukoba na viwanja vya Serengeti. Bondi (deni la mafunzo ukiacha kazi mapema) hakuna.

Ofa B: rubani msaidizi wa ATR 72 (ndege ya abiria ya injini mbili), kituo Dar. Mshahara wa msingi ni milioni 4.5 na posho ya nyumba milioni 1.5, ukiongeza posho ya kulala nje. Bondi ya mafunzo ni dola 30,000 kwa miaka mitatu.

Nyumbani wanasema aende Dar kwa sababu ndege ni kubwa. Naomba hoja zenye uzito kuliko hiyo.

Jicho_la_Rada:
Kabla ya yote, kwenye Caravan anakaa kiti cha kushoto (cha kapteni) au cha kulia (cha msaidizi)?

Mwanakirumba:
Barua inasema "rubani" tu mkuu.

Jicho_la_Rada:
Basi hiyo ofa bado haijakamilika. Waandike kiti.

Kapteni_Mwambao:
Jicho amegusa penyewe. Caravan imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Anayekaa kulia mara nyingi yupo kwa sababu mgodi, wakala wa watalii au kampuni ya bima imetaka wawe wawili. Sasa Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinasema hivi: ukiwa msaidizi kwenye ndege ya rubani mmoja, na mamlaka ya nchi ndiyo iliyotaka msaidizi awepo, unahesabiwa si zaidi ya nusu ya saa hizo kuelekea leseni ya juu. Zinaweza kuhesabiwa zote ikiwa mamlaka imekubali kwamba ndege ina vifaa vya marubani wawili na inaendeshwa kwa utaratibu wa marubani wawili. Kama aliyetaka msaidizi ni mteja tu, hata hiyo nusu ni ya kuulizia TCAA kwa maandishi, si ya kuamini neno la bosi wa operesheni.

Tupige hesabu. Mahitaji ya ATPL (leseni ya juu kabisa ya urubani) kwa ICAO ni saa 1,500. Ndani yake ziwemo 250 za ukapteni (angalau 70 ziwe za ukapteni halisi, zilizobaki zinaweza kuwa za ukapteni chini ya uangalizi), 200 za safari ndefu, 75 za kuruka kwa vyombo na 100 za usiku. Kijana ana 640, kwa hiyo amebakiza 860.

Kiti cha kushoto kwa saa 55 kwa mwezi: miezi 16 hivi.
Kiti cha kulia kwa nusu: miezi 31.
ATR kwa saa 60 kwa mwezi, zote zinahesabiwa kwa kuwa ni ndege ya marubani wawili: miezi 14 na kidogo.

Lakini hapo bado kuna mitego miwili, kila ofa na wake. Caravan ya kiti cha kushoto inamaliza tatizo la ukapteni ndani ya miezi mitatu, ila saa za usiku hazipati. Viwanja vya Serengeti na vya visiwani havina taa, kazi ni ya mchana kwa macho. Mtu anafikisha 1,500 akiwa bado na zile zile 20 za usiku, kisha anaanza kukodi ndege ya shule kwa pesa yake kuzitafuta. ATR inampa za usiku na za vyombo bila jasho, ila ukapteni haupati, labda kampuni iwe na utaratibu ulioandikwa wa kumhesabia ukapteni chini ya uangalizi na kapteni asaini kila safari. Anahitaji 140 za namna hiyo. Aulize: "Utaratibu huo upo kwenye mwongozo wenu wa operesheni?" Jibu la "tutaona" ni sawa na hapana.

Sato_Kaukau:
Mnajisumbua. Achukue ATR, uzi ufungwe. Injini mbili za tabopropu (tabini inayozungusha propela) kwenye logibuku (daftari la saa za rubani) zinamtoa popote duniani.

Kapteni_Mwambao:
Zinamtoa, nakubali. Tangazo la kazi nje likiandika saa za injini mbili za tabini au ndege zaidi ya kilo 5,700, Caravan haingii kwa lolote: ina injini moja na uzito wa juu wa kuruka haufiki hata kilo 4,000. ATR 72-600 ina kilo 23,000. Ila kumbuka mwajiri huyo huyo ataangalia pia ukapteni. Na mwenye macho ya Ulaya ajue kwamba leseni ya TCAA haibadilishwi kwa kusaini fomu. Kuna mitihani 13 ya nadharia ya EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya), awe ametoka Caravan au ATR.

Sato_Kaukau:
Na hili la Ulaya kuzipiga marufuku kampuni zote za Tanzania Juni 2025 halimharibii?

Kapteni_Mwambao:
Marufuku ile inazuia ndege za kampuni kuruka kwenda huko. Haifuti saa zilizo kwenye logibuku ya mtu. Inaweza kugusa upanuzi wa kampuni, hivyo na nafasi za kupanda cheo, na hilo ni la kuulizia.

Hesabu_za_Nyamagana:
Mimi niko upande wa mfuko. Watu wanalinganisha milioni 6 na milioni 3.5 wakidhani pengo ni milioni 2.5. Hebu tushuke mpaka kinachoingia benki.

Ofa B, jumla 6,000,000. NSSF asilimia 10 ni 600,000, inabaki 5,400,000 ya kutozwa PAYE. Kodi kwa milioni ya kwanza ni 128,000, inayozidi ni asilimia 30: 4,400,000 mara 0.3 ni 1,320,000. Jumla ya kodi 1,448,000. Mkononi 3,952,000.

Ofa A akiruka saa 55: 3,500,000 jumlisha 2,200,000 ni 5,700,000. Pesa ya saa ni malipo ya kazi, usidhani inapita bila kodi. NSSF 570,000, kodi 1,367,000, mkononi 3,763,000.

Kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa A ni 525,000, kwa B ni 675,000. Sasa A ni 3,238,000 na B ni 3,277,000. Pengo lote ni shilingi 39,000! Na hapo hajapanga nyumba Dar.

Ubaya wa A uko kwingine. Ndege ikiingia hanga mwezi mzima, au Aprili mvua ikafunga viwanja vya udongo na watalii wakapungua, pesa ya saa inapotea. Mkononi inabaki 2,377,000, ukitoa HESLB ni 1,852,000. Kwa hiyo asiombe kuongezewa mshahara, aombe saa za uhakika: walipe angalau saa 40 kila mwezi hata zisiporukwa. Kampuni ikigoma kabisa kuandika 40 huku inajisifia wastani wa 55, hiyo 55 ni ya Julai na Agosti.

Kwa B, posho ya kulala nje isiingie kwenye hesabu ya kodi ya nyumba wala ada ya mtoto. Inategemea rosta. Tena kituo chake kikiwa Dar, akilala Mwanza analipwa posho. Siku wakimhamishia kituo Mwanza, analala kwao Ilemela na posho imekwisha. Aangalie kifungu cha kubadilishwa kituo: nani analipa kuhama, na notisi ya siku ngapi.

Dada_wa_Pasiansi:
Niongelee bondi, maana hapo ndipo watu wanasaini bila kusoma. Dola 30,000 kwa miezi 36, ikiwa inashuka sawasawa, ni dola 833 kila mwezi. Akiondoka mwezi wa 14 anadaiwa miezi 22, yaani dola 18,333. Kuna bondi nyingine haishuki: ukiondoka mwezi wa 35 unadaiwa 30,000 zote. Tofauti hiyo hujificha kwenye sentensi moja tu ya mkataba.

La pili, saa inaanza kugonga lini? Kusaini mkataba, kumaliza simulata (mashine ya mafunzo inayoiga ndege), au kuachiwa rasmi kwenye safari za abiria? Akisubiri simulata miezi minne, na mafunzo ya njiani yakachukua mitatu, bondi inayoanza baada ya kuachiwa inageuza miaka mitatu kuwa mitatu na miezi saba. Waandike "kuanzia tarehe ya kufaulu mtihani wa simulata", na waweke siku ya mwisho: simulata isipopatikana ndani ya siku 120, mshahara kamili unaanza hata kama hajaruka.

La tatu, anayevunja mkataba ni nani? Kuacha mwenyewe ni jambo lake. Lakini kampuni ikimpunguza kazi, ikifilisika, au akipoteza cheti cha afya cha daraja la kwanza, deni lifutike. Mikataba mingi inasema "kwa sababu yoyote". Hayo maneno matatu yakatwe.

La nne ni dhamana. Wakitaka wadhamini wawili na hati ya kiwanja cha mzee kule Buswelu, familia ijue inachoweka rehani. Aombe dhamana ya saini tu, na kikomo chake kiwe deni lililobaki, si kiasi cha mwanzo.

Kuhusu makato: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hakati mshahara holela. Kunahitajika sheria, amri au makubaliano ya maandishi. Ndiyo maana karatasi ya ruhusa ya makato huwekwa katikati ya fomu za kujiunga, kati ya fomu ya benki na ya sare. Aitafute. Akifukuzwa isivyo halali ana siku 30 kupeleka shauri CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi), akilala zimepita.

Na kipindi cha notisi: sheria inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, ila mikataba ya marubani huweka miezi mitatu. Hiyo ndiyo inayoua ofa ya baadaye, kwa sababu darasa la simulata la kampuni nyingine halimsubiri mtu miezi mitatu.

Spana_Kumi_na_Tatu:
Salaam kutoka upande wa hanga. Maswali ya fundi:

Caravan gani? 208B ya kawaida ina PT6A-114A ya nguvu farasi 675. Caravan EX ina PT6A-140 ya 867, na uzito wa juu wa kuruka umepanda kidogo tu, kutoka pauni 8,750 hadi 8,807. Wanaoishi pwani hawaoni tofauti sana. Huku inaonekana. Uwanja wa Mwanza uko karibu futi 3,760. Kwa urefu huo joto la kawaida ni kama nyuzi 7.5. Mchana likiwa 30, umezidi kwa 22.5, zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi upate 2,700, kisha jumlisha na 3,760. Ndege inajiona iko karibu futi 6,500. Seronera, zaidi kidogo ya futi 5,000, kwa nyuzi 28 inajiona iko futi 7,800 hivi. Propela inashika hewa nyepesi, mbio za kuruka zinarefuka, kupanda kunakuwa kwa kusuasua, na wageni wamekuja na mabegi yao yote. Aulize: abiria na mizigo wanapimwa kwenye mizani kila kiwanja, au wanakadiriwa kwa macho?

Ndege ngapi, marubani wangapi? Kampuni yenye Caravan nne na marubani 16 haimpi mtu saa 55. Kwa ATR vivyo hivyo. Tatu zikiwepo na moja ikaingia ukaguzi mkubwa, saa za kila mtu zinashuka kwa theluthi. Injini zikikosekana sokoni ndiyo kabisa. Ndege za A220 za ATCL (Air Tanzania) zilivyokaa chini 2022 kusubiri injini za PW1500G, airBaltic wa Latvia nao walikuwa na kilio hicho hicho. Hata kampuni kubwa inaweza kukuketisha.

Na huku ziwani: wale wadudu wanaotoka majini kama wingu la moshi huziba mirija ya pitoti (inayopima kasi ya ndege) na kutapakaa kwenye kioo. Vifuniko vya pitoti viwekwe kila ndege ikilala Mwanza, Musoma au Bukoba, vitolewe na vihesabiwe. Ukiona ndege za kampuni zimelala bila vifuniko, umeshajibiwa maswali mengine mengi.

Kapteni_Mwambao:
Nakazia hapo kwa Spana, na niongeze hali ya hewa kwa sababu inahusu ofa zote mbili. Ziwa hili linageuza saa. Mchana ngurumo ziko nchi kavu. Usiku upepo wa nchi kavu unaingia ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, mawingu yanapanda, na alfajiri dhoruba zinasukumwa kuelekea pwani ya magharibi. Ndiyo maana ndege ya asubuhi ya Bukoba ndiyo ngumu kuliko ya mchana. Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 iliangukia ziwani asubuhi ikikaribia uwanja huo, watu 19 kati ya 43 wakafariki.

Kijana aulize kampuni zote mbili mambo haya: kwa Bukoba mafuta ya akiba ni ya kuzunguka dakika ngapi na kurudi Mwanza? Msaidizi akisema "ghairi kutua", kapteni analazimika kughairi, au anaweza kuendelea? Rubani akirudi na abiria anaandika ripoti tu, au anaitwa ofisini kujieleza kuhusu mafuta? Kwa Caravan, injini ni moja: vesti za kuokolea zipo kwa kila kiti na zinaelezwa kabla ya safari ya Rubondo? Njia imepangwa karibu na visiwa, au imenyooka juu ya maji ili kuokoa dakika sita?

Jambo jingine dogo, ila litamkuta baadaye. Kwa anayeruka peke yake na abiria wa kulipia, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinakuwa cha miezi sita akifika umri wa miaka 40. Kwenye ndege ya marubani wawili kinabaki cha miezi 12 hadi afike umri wa miaka 60. Na ukomo wa safari za kimataifa ni miaka 60 kwa rubani mmoja, 65 kwa wawili.

Hesabu_za_Nyamagana:
Kwenye afya, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) inalipa ajali na magonjwa ya kazini. Kisukari au presha ikimnyang'anya leseni, hiyo haiko huko. Bima ya kupoteza leseni ni kitu tofauti. Aulize kama ipo, inalipa mishahara ya miezi mingapi, na inasubiri siku ngapi.

Mwanakirumba:
Wabheja sana wakuu. Maswali yametumwa kwa barua pepe na majibu yamerudi. A: saa 300 za kwanza kiti cha kulia, halafu kushoto akifaulu mtihani. Saa za uhakika 35. Ndege ni 208B ya kawaida, mizani ipo Mwanza tu. B: bondi inashuka kila mwezi kuanzia mtihani wa simulata, ila wanataka hati ya kiwanja. Ukapteni chini ya uangalizi upo kwenye mwongozo, lakini baada ya saa 500 kwenye ATR. Bima ya leseni B ipo, A haipo.

Kapteni_Mwambao:
A: saa 300 kulia kwa nusu ni 150, zinachukua miezi mitano na nusu. Anafika 790. Zilizobaki 710 kushoto ni miezi 13. Jumla miezi 18 na nusu, na usiku bado 80. B: saa 500 ni miezi minane, kisha 140 chini ya uangalizi. Akipewa safari mbili kati ya tatu ni miezi mitatu na nusu. Zile 1,500 zinamkuta mwezi wa 15, kila kitu kimetimia. Kwa saa, B imeshinda. Isingekuwa hivyo kama A wangempa kushoto tangu mwanzo na safari za usiku za mizigo.

Spana_Kumi_na_Tatu:
Mizani Mwanza tu, na kazi yenyewe ni kuwatoa watalii Serengeti? Wanarudi na mabegi nani anapima? Mimi ningekwama hapo kabla ya kufika kwenye saa.

Sato_Kaukau:
Nilisema ATR toka mwanzo 😄

Dada_wa_Pasiansi:
Ulisema, ila hukusema kuhusu hati ya kiwanja. Awajibu B kwa maandishi kabla ya Ijumaa: "Nakubali ofa, isipokuwa kifungu cha dhamana. Napendekeza wadhamini wawili wa saini, kikomo kikiwa kiasi kilichobaki kwa mwezi husika." Wakikataa, aombe hati ishikwe na wakili wa pande zote mbili, na irudi siku deni likifika sifuri, na hiyo siku iandikwe. A asiwakatalie mpaka B wasaini upande wao. Mkataba wenye saini yake peke yake haujamfunga mwajiri kwa chochote.

Jicho_la_Rada:
Nani analipa tiketi na malazi ya simulata za kila miezi sita? Simulata ya ATR haiko Tanzania.

Mwanakirumba:
Barua inasema mafunzo ya kwanza wanalipa wao. Za kila miezi sita haijataja.

Jicho_la_Rada:
Itajwe. Ni mara mbili kwa mwaka, kwa muda wote wa kazi.

Spana_Kumi_na_Tatu:
Na siku ya kusaini abebe nakala zilizothibitishwa za leseni, cheti cha afya na kurasa za logibuku. Zile halisi awaoneshe wazikague mbele yake, kisha azirudishe kwenye begi. Ofisi ikisema "tuachie faili likamilike", awasubiri watoe nakala zao akiwa amekaa pale pale.